Nani mkubwa kazini? Namna ya kumaliza mgogoro wa tange kati ya wakufunzi wa chuo

Ugomvi wa ukubwa kazini huanzia mbali na tange yenyewe, yaani orodha ya watumishi iliyopangwa kwa ukubwa wao kazini. Unaanzia kwenye nyumba ya chuo iliyoachwa wazi na mstaafu, au meza iliyo karibu na dirisha, au jina la nani limetangulia kwenye orodha ya wasimamizi wa mazoezi ya kufundisha. Siku ya kwanza ni mnong'ono. Baada ya wiki mbili wakufunzi wawili hawapeani mkono, idara imegawanyika, na wanachuo wameshajua nani hasemi na nani.

Kwa miaka kadhaa nilikuwa makamu mkuu wa chuo cha ualimu cha serikali, na majalada ya wakufunzi yalikuwa juu yangu. Kesi iliyonifundisha zaidi ilihusu nyumba yenye simtanki na jiko la nje. Walioitaka ni wawili. Mmoja ni mama wa makamo wa idara ya Kiswahili, aliyeanza kufundisha mwaka 2007. Mwingine ni kijana wa Hisabati, aliyeajiriwa Februari 2012. Orodha iliyobandikwa ofisini ilimweka kijana juu. Mama alisimama mbele ya ubao ule akaisoma mara tatu, akaondoka bila kuaga mtu.

Haya ninayoyaandika ni kwa ajili ya mkuu wa chuo, makamu, mkuu wa idara na mkufunzi yeyote anayehisi amewekwa pasipo pake. Nazungumzia zaidi vyuo vya ualimu vya serikali Tanzania, kwa sababu huko ndiko nilikofanya kazi. Vyuo binafsi na vyuo vikuu nitavigusa mbele kidogo.

Kwanza tenganisheni aina za ukubwa

Watu wawili wanaweza kubishana mwezi mzima kwa sababu kila mmoja anazungumzia ukubwa wake. Kwenye ofisi ya wakufunzi kuna ukubwa wa umri, unaodai shikamoo na kupishwa kiti. Kuna ukubwa wa madaraka: mkuu wa idara, mkufunzi wa taaluma, mkufunzi wa malezi. Kuna kutangulia kufika chuoni, ambako wenyeji hukuthamini sana. Na kuna ukubwa kazini, yaani nafasi ya mtumishi kwenye tange, unaotokana na cheo chake cha muundo (cheo rasmi kwenye muundo wa utumishi wa kada yake) na tarehe aliyoingia kwenye cheo hicho.

Ni huu wa mwisho tu unaoingia kwenye tange. Mkuu wa idara anaweza kuwa chini ya mjumbe wa idara yake mwenyewe kwenye tange, na hapo hakuna kosa lolote. Madaraka hupewa na kuvuliwa kwa barua ya ukurasa mmoja, ila cheo cha muundo hakiondoki kwa sababu mtu ameacha kuongoza idara. Kukaimu nako ni hivyo hivyo. Mtu aliyekaimu nafasi kwa miezi kadhaa amefanya kazi kubwa na anastahili shukrani, na posho yake kama utaratibu umefuatwa, lakini kukaimu hakumsogezi kwenye tange.

Jambo hili lisemwe mapema na kwa sauti, kwenye kikao cha kawaida, kabla hajatokea wa kugombana. Likisemwa katikati ya ugomvi, kila mmoja atadhani limetungwa kwa ajili yake.

Pokea lalamiko kwa maandishi

Lalamiko la mdomo lina tabia ya kukua. Jumatatu mtu analalamikia tarehe, Ijumaa analalamikia ukabila. Mwombe mlalamikaji aandike barua fupi inayojibu mambo matatu: anaamini anastahili kuwa nafasi gani, orodha ipi ndiyo yenye kosa, na barua au nyaraka gani inamtetea. Ukurasa mmoja unatosha. Ipokee kwa mhuri wa masijala, na umpe nakala yenye tarehe.

Usimwambie hapo hapo kwamba ana haki au hana. Hata kama unajua jibu, hujalisoma jalada. Na orodha inayogombaniwa iondoe ubaoni siku hiyo hiyo, huku ukiwaambia wote kwamba inapitiwa upya. Mimi nilichelewa kuiondoa kwa siku nne, na siku nne hizo zilitosha watu kuipiga picha na kuirusha kwenye kundi la simu la wakufunzi.

Kaa na majalada

Hapa ndipo kazi yote ilipo, na ndipo wengi wanapopakimbia. Migogoro niliyoishughulikia ilimalizwa zaidi na karatasi kuliko hoja. Tenga siku nzima. Chukua jalada la wazi la kila mhusika, anza folio ya kwanza, yaani karatasi yenye namba ya kwanza, panda hadi ya mwisho. Usirukie barua ya karibuni.

Unatafuta barua ya ajira, barua au fomu ya kuripoti kazini, barua ya kuthibitishwa, kila barua ya kupandishwa cheo, barua ya kubadilishiwa muundo kama ipo, barua za uhamisho, na vibali vya masomo au likizo bila malipo. Kila barua iangalie mara mbili, kwa sababu barua ya serikali ina tarehe mbili. Ya juu kulia ni siku iliyoandikwa. Ya pili imejificha ndani ya aya, baada ya maneno "kuanzia tarehe". Ya pili ndiyo unayoitaka. Nimeona orodha nzima ya idara iliyopangwa kwa tarehe za juu. Watu watatu walikuwa wamepishana kwa sababu tu barua zao zilichapwa siku tofauti, ilhali cheo chao kilianza siku moja.

Kwa ajira ya kwanza mtego ni kama huo. Wawili wanaweza kupangiwa kituo kwa tangazo moja, mmoja akaripoti ndani ya wiki na mwingine akaja mwishoni mwa muda aliopewa. Utumishi unahesabiwa tangu siku mtu aliporipoti na kuanza kazi. Tangazo lenyewe halihesabiki.

Jalada la mkufunzi aliyetoka shule mara nyingi lina pengo. Walimu wa shule za msingi na sekondari wako chini ya Tume ya Utumishi wa Walimu, iliyoundwa kwa Sheria Na. 25 ya mwaka 2015. Kabla ya hapo ilikuwa Idara ya Utumishi wa Walimu, ndiyo maana wakongwe bado wanataja namba ya TSD, kifupi cha jina la Kiingereza la idara hiyo. Mwalimu akihamia chuoni, mwajiri wake anakuwa wizara. Jalada linapaswa kumfuata. Pengine linamfuata nusu: barua ya kuthibitishwa imebaki wilayani, ya kupanda cheo iko halmashauri. Ukikuta pengo usilijaze kwa kukisia. Mwandikie mkufunzi alete nakala yake, na wewe uandike kule alikotoka kuomba nakala iliyothibitishwa.

Jalada la siri liache lilipo kama huna mamlaka nalo, wala jalada la mtu usiwaoneshe wenzake. Kinachotoka mezani kwako ni tarehe na vyeo tu. Taarifa za ugonjwa, ndoa, mikopo na maonyo hazihusiki na tange, na tangu Mei 2023 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatumika, kwa hiyo kuzianika kunaweza kukuletea mashtaka.

Andika historia ya kila mmoja kwenye karatasi moja

Baada ya kusoma, andika mstari mmoja kwa kila tukio: tarehe, tukio, namba ya folio. Ya yule kijana ilikuwa fupi. Aliripoti Februari 2012 akiwa na shahada, TGTS D (TGTS ni ngazi za mishahara ya walimu serikalini), sekondari. Alithibitishwa mwaka uliofuata. Akahamia chuoni 2013. Cheo cha daraja E kilianza Juni 2021.

Ya mama ilijaa karatasi. Aliripoti Julai 2007 akiwa na stashahada, TGTS C. Akathibitishwa. Akapanda cheo kwenye ngazi za stashahada. Akapewa ruhusa ya masomo, akamaliza shahada, akabadilishiwa muundo na kuingia TGTS D Oktoba 2013. Akahamia chuoni 2014. Daraja E, Juni 2021.

Ukiweka karatasi hizo mbili sambamba unaona ugomvi wenyewe. Mama ana miaka karibu mitano zaidi kazini. Lakini kwenye ngazi ya shahada kijana alimtangulia kwa mwaka mmoja na miezi minane. Na wote wawili wameingia E siku moja.

Tarehe za kufanana ziko nyingi kwenye tange za siku hizi, na zina historia. Mwaka 2016 serikali ilisimamisha upandishaji wa vyeo kupisha uhakiki wa watumishi hewa na vyeti. Aprili 2017 ilitangazwa kwamba watumishi 9,932 wamebainika kuwa na vyeti vya kughushi. Waliokuwa wamefikisha muda wa kupanda wakati huo walisubiri pamoja na waliofikisha baadaye, na mlango ulipofunguliwa watu wa miaka tofauti wakajikuta wamebeba tarehe moja. Baadaye ukaja utaratibu wa mserereko, wa kuwapandisha waliocheleweshwa bila kusubiri muda wote wa kawaida, nao ukabadilisha mpangilio tena. Kwa hiyo ukimsikia mkufunzi anasema "huyu nimemwacha nyuma miaka minne, leo tuko sawa," usimwone mlalamishi. Anasema kweli, na ni haki yake kuelezwa ilivyotokea.

Panga kwa mtiririko mmoja, kwa wote

Mtiririko tulioutumia ni ule uliozoeleka kwenye utumishi wa umma tuliourithi kwa Waingereza. Kabla ya kuutumia kwenu, hakikisheni na Kanuni za Kudumu za Utumishi wa Umma na nyaraka za karibuni za utumishi, au muulizeni ofisa utumishi wa wizara kwa barua.

Anza na cheo cha sasa. Mwenye cheo cha juu anatangulia, hata kama ana miaka 31 na anayemfuata ana 55. Wenye cheo kimoja watenganishwe kwa tarehe ya kuingia kwenye cheo hicho. Tarehe zikifanana, rudi ngazi moja nyuma: nani alitangulia kwenye cheo kilichopita? Zikifanana tena, rudi nyuma zaidi, mpaka kuingia kwao kwenye kada hiyo. Wakiwa sawa hadi huko, ndipo umri unaingia, mwenye kuzaliwa kwanza anatangulia.

Alfabeti ya majina, kufika chuoni, ukubwa wa mshahara na idadi ya vyeti havina nafasi humo. Nasisitiza mshahara, kwa sababu mama alikuwa anapokea zaidi ya kijana na alidhani hilo lilikuwa ushahidi. Lina maelezo yake, nayo yanastahili nafasi.

Kubadilishiwa muundo, chanzo cha machozi mengi

Mwalimu wa stashahada anaanzia TGTS C. Wa shahada anaanzia D. Sasa mchukue mwalimu wa stashahada aliyefanya kazi miaka mingi, akapanda ngazi zake, kisha akaenda chuo kikuu. Akirudi na shahada anaomba kubadilishiwa muundo. Anaingia kwenye muundo wa wenye shahada, na mlango wake ni cheo cha kuanzia. Kama mshahara wake wa zamani ulikuwa mkubwa kuliko wa cheo hicho, hapunguziwi, anaendelea nao kama mshahara binafsi hadi ngazi mpya imfikie. Mfukoni hajapoteza. Kwenye tange amekuwa mgeni.

Miaka yake haikufutwa. Inahesabika kwenye utumishi wake wote na kwenye mafao. Ila kwenye ngazi ya shahada, saa yake imeanza siku aliyobadilishiwa. Mtu asipoelezwa haya siku ile anaomba, atayajua siku atakaposimama mbele ya ubao, na atayapokea kama tusi.

Kwa maoni yangu hapo ndipo uongozi wa vyuo unapokosea kuliko mahali pengine popote. Tunampongeza mtu kwa shahada, tunampitishia barua, hatumwambii gharama yake. Mkufunzi akija na ombi la kubadilishiwa muundo, mkalishe. Mpigie hesabu ya cheo alicho nacho, cheo atakachoingia, nani watamtangulia, na lini anaweza kupanda tena. Wengine wakisikia hesabu hiyo huamua kuendelea hata hivyo, na huwa wanaendelea kwa amani.

Waite wahusika pamoja, uwaoneshe karatasi

Kila mmoja akutane nawe peke yake kwanza, dakika kumi, apitie karatasi yake mwenyewe na kusahihisha tarehe. Akikubaliana nayo, aisaini. Usiwakutanishe kabla ya saini hizo, la sivyo mtarudi kubishana tarehe.

Kisha waite pamoja na shahidi mmoja. Sisi tulimwomba mwakilishi wa chama cha wafanyakazi tawini akae nasi, na kukaa kwake kimya kulisaidia kuliko hotuba. Niliweka karatasi mbili mezani na mtiririko umeandikwa juu yake. Nikasoma: cheo sawa, tarehe sawa, ngazi iliyopita, Februari 2012 na Oktoba 2013. Kijana yuko juu.

Kijana ndiye aliyeanza kusema. "Mama, mimi sina neno na wewe. Barua ndizo zimesema."

Mama hakumjibu. Alinigeukia mimi. "Mwanangu, nyumba achukue yeye. Mimi nataka kujua miaka yangu imepotelea wapi."

Nilimweleza habari ya muundo taratibu, kama nilivyoieleza hapo juu. Alikuwa anaisikia kwa mara ya kwanza, miaka minane baada ya kubadilishiwa. Halafu akafungua pochi akatoa bahasha ya kaki iliyokunjika pembe, ndani yake barua ya kuripoti ya mwaka 2007, mhuri bado unasomeka. Alisema aliibeba kwa sababu kwenye orodha ile ubaoni, mbele ya jina lake, safu ya tarehe ya ajira ilionesha 2014.

Wote tulikuwa tumeangalia safu ya cheo. Hakuna aliyeangalia hiyo. Mtu aliyeandaa orodha alichukua tarehe aliyoripoti chuoni akaiweka kama tarehe ya kuajiriwa, na tulipofuatilia tukakuta taarifa za kiutumishi nazo zina kosa hilo. Miaka saba ya kazi haikuwepo kwenye kumbukumbu. Kwa nafasi yake kwenye tange haikubadilisha kitu, kijana alibaki juu. Kwa mama anayekaribia umri wa kustaafu, wa hiari miaka 55 na wa lazima 60, kosa hilo lingemsumbua kwenye PSSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa watumishi wa umma, siku ambayo hana nguvu ya kuzunguka ofisini.

Tangu siku hiyo, safu zote nazikagua, hata zile ambazo hakuna anayezilalamikia.

Andika uamuzi, urekebishe kumbukumbu

Kikao kikimalizika andika muhtasari siku hiyo hiyo. Useme lalamiko lilikuwa nini, nyaraka zipi zilisomwa na folio zake, mtiririko uliotumika, matokeo, na makosa yaliyogunduliwa. Wote wasaini, pamoja na asiyekubaliana, ambaye aandike kutokubaliana kwake kwa mkono wake. Nakala iingie kwenye kila jalada husika.

Mkuu wa chuo hampandishi mtu cheo wala hambadilishii tarehe. Mamlaka hayo yako kwa mwajiri. Kwa hiyo kosa la kumbukumbu linaandikiwa barua kwenda kwa Katibu Mkuu wa wizara, ikipitia kwa Mkuu wa Chuo, na kichwa kisichozunguka: "Yah: Ombi la kurekebishiwa tarehe ya kuajiriwa." Taja jina kamili, cheki namba, tarehe iliyopo, tarehe sahihi, na uambatanishe nakala za barua zilizothibitishwa. Mkuu wa chuo aweke maoni yake kwenye barua ya kuisindikiza, asiiache mezani. Barua ya mtumishi iliyolala kwa mkuu wa chuo miezi mitatu inazaa mgogoro wa pili, na safari hii mkuu wa chuo ndiye mlalamikiwa.

Fuatilia kwa tarehe. Andika kwenye shajara: wiki nne, nauliza. Wiki nane, nakumbusha kwa barua. Mfumo wa kielektroniki unamwezesha mtumishi kuona sehemu ya taarifa zake mwenyewe, kwa hiyo mwombe aingie aangalie kama marekebisho yamefanyika, asitegemee maneno ya simu.

Kama hamkubaliani

Mkufunzi asiyeridhika ana njia, na asizuiwe kuipita. Anaanza kwa mwajiri wake, kwa maandishi, na chama chake kinaweza kumsindikiza. Baraza la wafanyakazi ni mahali pazuri pa kuuliza utaratibu unaoumiza wengi, ila si mahali pa kesi ya mtu mmoja. Juu ya mwajiri kuna Tume ya Utumishi wa Umma. Sheria ya Utumishi wa Umma, kwa kifungu kilichoongezwa mwaka 2016 kama 32A, inamtaka mtumishi wa umma amalize njia zilizomo kwenye sheria hiyo kabla ya kukimbilia nafuu za sheria za kazi. Anayeruka ngazi hurudishwa mwanzo, na muda umeshakwenda.

Chuo binafsi ni habari nyingine. Huko hakuna tange ya serikali, kuna mkataba wa kazi na kanuni za utumishi za chuo chenyewe. Kama kanuni zimekaa kimya kuhusu ukubwa kazini, bodi iziandike kabla ya kupandisha mtu mwingine. Mgogoro ukishindikana ndani unakwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na malalamiko yasiyo ya kuachishwa kazi yana siku 60 tangu jambo litokee.

Kwenye vyuo vikuu wahadhiri wanapanda kwa machapisho, ufundishaji na tathmini, kutoka mhadhiri msaidizi hadi profesa. Mabishano ya huko ni ya alama na makala, ila kazi ya tarehe na barua haibadiliki.

Nyumba, zamu na posho zisitegemee tange peke yake

Nilijifunza kuchelewa kwamba tulikuwa tumeitwisha tange mzigo usio wake. Cheo kinapangwa na muundo. Nyumba ya chuo ingeweza kupangwa kwa vigezo vingine: mlezi wa bweni anayetakiwa kuwa karibu usiku, ukubwa wa familia, hali ya afya, muda mtu aliosubiri. Usimamizi wa mazoezi ya kufundisha na zamu za mitihani zinaweza kuzunguka kwa mpangilio ulioandikwa, kila mmoja akajua zamu yake itafika lini. Tukaandika vigezo hivyo, kikao kikavipitisha, vikabandikwa. Hata kupandishwa cheo kwenyewe hakutegemei tange tu. Utendaji, nafasi kwenye ikama (idadi ya watumishi iliyoidhinishwa) na bajeti huangaliwa, na ukubwa kazini ni moja ya mambo kati ya hayo.

Nyumba ile alipewa mama, kwa kigezo cha mlezi wa bweni la wasichana, kazi aliyokuwa akiifanya kwa miaka kadhaa akitokea mtaani kwa bodaboda. Kijana alimsaidia kuhamisha makabati.

Tange ya kila mwaka

Andaeni tange mara moja kwa mwaka, mwezi ule ule. Kila mkufunzi apewe mstari wake kwanza, peke yake, ahakiki jina kama lilivyo kwenye vyeti, tarehe ya kuzaliwa, ya kuripoti, ya kuthibitishwa, ya kubadilishiwa muundo na ya kila cheo. Atie saini. Rasimu ya wote ibandikwe kwa siku 14, ikiwa na jina, cheo na tarehe za cheo tu. Pingamizi zipokelewe kwa maandishi ndani ya siku hizo. Baada ya hapo mkuu wa chuo asaini, nakala iende wizarani na nyingine ibaki masijala.

Na wewe mkufunzi, tengeneza jalada lako nyumbani. Kila barua unayopokea toa nakala mbili, moja iache kwa mtu unayemwamini anayeishi mji mwingine, kwa sababu paa huvuja na mchwa hawachagui. Piga picha pia, uihifadhi kwenye barua pepe yako. Anza na barua ya kuripoti kazini. Hiyo ndiyo watu wengi hawanayo, na ndiyo mama alikuwa nayo kwenye pochi.